Kabla ya kabati la droo, tafuta meza isiyotikisika

Ukisema gereji hapa Dar es Salaam, mtu anafikiria uwanja wa mafundi, magari yamenyanyuliwa kwa jeki na oili imemwagika chini. Mimi nazungumzia banda la gari la nyumbani: kuta tatu za matofali, bati juu, geti mbele, na gari linaloingia jioni na kutoka alfajiri. Mchana kutwa banda liko tupu. Kwa anayependa kazi ya mikono, hapo ndipo karakana ilipo, na hapo ndipo nimeona wengi wakianza vibaya kwa kununua kabati la vifaa kabla ya kuwa na meza ya maana.

Nami nilianza hivyohivyo. Mwaka tuliohamia Kigamboni nilinunua dukani meza ya bati iliyokuja pamoja na kabati lake la droo saba, vyote vimepakwa rangi nyekundu. Miguu ya meza ilikuwa bati lililokunjwa na kufungwa kwa bolti ndogondogo. Siku ya kwanza nikabana juu yake kipande cha mninga, nikaanza kupiga randa. Meza ikaanza kutembea. Nikisukuma, nayo inasogea. Nikaisukumiza hadi ukutani, nikaikanyagia mguu, bado randa ikawa inaruka na kuacha makovu kwenye mbao. Miezi michache baadaye matundu ya bolti yalikuwa yametanuka, hata ukikaza haikazi. Muuzaji alikuwa ameniambia meza ile inabeba kilo 300, na naamini inabeba. Ila mzigo uliotulia juu ya meza ni jambo moja, na msukumo wa ubavuni ni jambo jingine. Kazi ya fundi karibu yote ni msukumo wa ubavuni: kuranda, kukata kwa msumeno, kupiga tupa, kufungua nati iliyogoma.

Aliyenifungua macho ni seremala mmoja mzee wa Keko. Nilikwenda kwake nikitaka meza ya futi sita, nikidhani ataniuliza habari ya rangi na idadi ya droo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo, vua viatu. Legeza mikono."

Akachukua futi yake ya chuma, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono wangu, palepale mtu anapovaa saa. Sentimita 86. Akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao, kisha akapigapiga meza yake kwa kiganja. "Hii ni ya kwangu. Wewe ukiifanyia kazi wiki moja, kiuno kitakuambia."

Katika mambo yote niliyojifunza kuhusu meza ya kazi, hilo la kimo nalishikilia kuliko jingine lolote. Meza za dukani zina kimo kimoja kwa watu wote. Ukiranda kwenye meza ndefu kuliko kifundo cha mkono, unasukuma kwa mabega, na mabega huchoka upesi. Ikiwa chini kiasi chake, uzito wa mwili wote unaingia kazini. Kazi ndogondogo, kama kulehemu waya au kunoa patasi, zinataka uso wa kazi uwe juu zaidi, karibu na kiwiko. Usitengeneze meza mbili kwa sababu hiyo. Tengeneza kisanduku imara cha kuweka juu ya meza, ukimaliza kitoe.

Yule mzee pia alinishauri niache futi sita nichukue nane, na hesabu yake ilikuwa rahisi. Plaiwudi huuzwa shiti la futi 4 kwa 8. Ukilipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya futi 2 kwa 8. Vipake gundi ya mbao, vipandishe, vikaze kwa skrubu kutoka chini, na kama ni plaiwudi ya milimita 18 una uso wa milimita 36 usiopinda wala kupasuka, na hakuna kilichobaki cha kutupa. Upana wa futi mbili unatosha kabisa, maana mkono unafika ukutani bila kujinyoosha. Meza pana zaidi ya hapo, nusu yake ya nyuma hugeuka stoo.

Kwa miguu, mbao za inchi 4 kwa 4. Paini nyingi tunayouziwa hapa inatoka nyanda za juu kusini, Sao Hill kule Mufindi na mashamba ya jirani, na inafaa, mradi iwe imekauka. Mbao mbichi itakauka ikiwa tayari ni meza yako, viungo vitalegea, na utarudi palepale pa meza inayocheza. Miguu ifungwe kwa mbao za kukingama za 2 kwa 4, chini na juu, kwa bolti nene zenye nati na washa, siyo misumari. Bolti ikilegea unaikaza. Msumari ukilegea umekwisha. Halafu weka rafu chini na uijaze vitu vizito. Yangu ina ndoo mbili za mchanga wa ujenzi na mashine ya zamani ya kusaga isiyofanya kazi. Haisogei.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiseme mninga au mkongo. Ni mbao nzuri mno, na ndiyo sababu. Uso wa meza ya kazi utatobolewa na drili, utadondoshewa gundi, utapitiwa na msumeno kwa bahati mbaya. Mninga uwekee kitanda. Kuhusu mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, miguu inaweza kuzihitaji kwa ajili ya mchwa, lakini mara nyingi dawa ile ina shaba, kromiamu na aseniki. Vaa barakoa unapozikata, na vipande vilivyobaki visiende jikoni kuwashia moto. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona vikikusanywa kwenye mifuko na kupelekwa kwenye majiko ya mkaa, na watoto wamekaa pembeni wakisubiri chai.

Anayefanya kazi za injini tu, na mbao hazimhusu, ana haki ya kutaka meza ya chuma. Basi aende kwa fundi wa kuchomelea, achukue skwea paipu nene, ichomelewe kila kiungo. Asinunue ya bati la kukunja.

Hela iliyobaki, kabla ya droo hata moja, iende kwenye jiliwa, au vaisi kama wengi wanavyoiita. Jiliwa ni mkono wa tatu. Bila yake unabana bomba kwa magoti na kukata huku umelikalia. Tafuta lenye taya za inchi 5 au 6, chuma cha kuyeyusha, zito la kukufanya ulinyanyue kwa mikono miwili. Kabla ya kulipa, funga taya polepole ukiangalia mwanga katikati yake: zikigusana upande mmoja kabla ya mwingine, liache. Zungusha mpini, sikiliza kama skrubu inakwaruza. Majiliwa ya mtumba yaliyotengenezwa Sheffield, Uingereza, ya jina la Record, yana umri mkubwa na bado yanabana kuliko mengi mapya. Ukiona moja limepakwa rangi ya samawati iliyochakaa, simama uliangalie vizuri. Lifunge juu ya mguu wa meza, siyo katikati ambako ubao unanesa.

Sasa ndiyo kabati. Kabla ya Kigamboni niliishi Dodoma miaka sita, na spana zangu zilikaa kwenye mfuko wa salfeti sakafuni bila kupata doa. Hapa, wiki tatu tu, randa ya marehemu baba ilikuwa na unga wa rangi ya chungwa chini yake kote. Chuma huanza kuota kutu upesi unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 60, na huku pwani siku nyingi uko juu ya hapo, tena na chumvi ndani yake. Kwa hiyo kwa mtu wa pwani, swali la kabati halihusu idadi ya droo. Linahusu kutu. Kabati la bati lililokaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji linanyonya unyevu kutoka chini na kuufungia ndani usiku kucha. Linyanyue juu ya vipande vya mbao, angalau inchi nne, na liache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Vyenye makali, yaani randa, patasi na tupa, vipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila unapomaliza kazi. Jasho la mkono peke yake linatosha kuchora alama za vidole kwenye chuma kufikia asubuhi.

Vifaa vya kila siku sitaki viwe ndani ya droo kabisa. Nimepigilia shiti la plaiwudi ukutani juu ya meza, kila kifaa kina msumari wake, na nyuma yake nimechora umbo lake kwa kalamu nene. Jioni nikiona umbo la koleo bila koleo, najua limebaki chini ya gari. Hospitali zetu nyingi zimefundishwa 5S, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi uliotoka Japani, na kati ya yale maneno matano ya Kiswahili, sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, la pili ndilo ninalolipenda kwa karakana. Kila kitu kina mahali pake, na mahali panaonekana kwa macho bila kufungua chochote.

Skrubu na misumari zikae kwenye makopo ya plastiki angavu, yale ya siagi ya karanga. Grenda, misumeno na patasi zifungiwe kwa kufuli kama kuna mtoto nyumbani. Hapo sina mjadala.

Lile kabati jekundu bado ninalo. Meza yake nilimpa jirani, anaanikia vyombo juu yake. Kabati liko chini ya meza ya mbao, juu ya vipande viwili vya mkaratusi. Katika droo saba natumia nne: boksi spana, drili na misumari yake, msasa, na ile ya juu kabisa ambamo randa ya baba imelala ndani ya kitambaa cha khanga kilicholowa mafuta.