Sukari imeshuka, pingu za nini?

Kuna kesi ya Marekani inaitwa Graham v. Connor, ya mwaka 1989, ndo iliyoweka kipimo cha askari wa huko aruhusiwe kutumia nguvu kiasi gani. Watu wanaitaja kila siku ila wanasahau Graham hakuwa jambazi, alikuwa mgonjwa wa kisukari. Novemba 1984, pale Charlotte, sukari ilianza kumshuka akamwomba rafiki yake ampeleke dukani akanunue juisi ya machungwa, kufika akakuta foleni ndefu akatoka mbio, na askari aliyekuwa nje akaona mtu kaingia katoka fasta basi, akahisi kuna kitu. Gari ikasimamishwa, jamaa akazimia pembeni ya barabara, anazinduka yuko kwenye pingu, anawaomba waangalie kwenye waleti kuna kitambulisho cha ugonjwa wake, anaambiwa nyamaza. Mtu mwingine akaleta juisi, wakakataa asipewe. Akatoka hapo na mguu uliovunjika, na dukani hakikuibiwa kitu.

Mahakama ya Juu ikasema tuangalie askari mwenye akili timamu angefanya nini palepale, bila kujua yaliyokuja kujulikana baadaye. Na mambo ya kupima ni uzito wa kosa, je mtu ni hatari, je anagoma kukamatwa. Sasa mtu sukari imeshuka au ametoka kwenye kifafa, kosa lake lipi? Akirusha mkono anaonekana anabisha, kumbe hata jina lake halijui kwa wakati ule.

Lakini tusiwaonee polisi pia. Mwaka 2013 huko Michigan mgonjwa mwingine wa kisukari, kipimo cha sukari kinasoma 38 kwa vipimo vya Marekani, mg/dL (yaani imeshuka mno, hiyo ni hatari kabisa), aliing'oa dripu damu ikaruka, ngumi na mateke, wahudumu wa ambulensi wanajaribu kumshika wanashindwa. Askari akamwambia tulia, hakusikia, akampiga shoti ya umeme ya pajani, mara moja tu. Akalegea kidogo, wakamwekea glukosi, akarudi kwenye akili zake. Kesi ilifika mahakama ya rufaa, na 2017 majaji wakasema nguvu ile ilifaa kwa sababu ilikuwa ya kuokoa maisha na haikuzidi. Mimi nakubaliana nao, japo roho inauma kidogo, maana bila ile shoti sindano isingeingia.

Tofauti ninayoiona ni hiyo, nguvu ina kazi gani na inaisha saa ngapi. Dallas 2016 kuna jamaa alipiga 911, namba ya dharura ya huko, mwenyewe, akasema ana skizofrenia (ugonjwa wa akili) na hajameza dawa, anaomba msaada, wakamlaza kifudifudi wakambana kama dakika 14 hivi, akafa. Hapo nguvu iliendelea hata alipokuwa ameshadhibitiwa.

Kuna wanaosema dawa yake ni kuondoa polisi, waje watabibu tu. Eugene, Oregon walianza hivyo mwaka uleule wa 1989, mtabibu na mshauri kwenye gari moja bila bunduki, na ilifanya kazi miaka mingi mpaka 2025 hela ikakata. Ila hata koti la utabibu sio kinga, Aurora, Colorado, 2019 Elijah McClain, kijana wa miaka 23, alikabwa shingo na polisi halafu watabibu wakamdunga ketamini, dawa ya kumlegeza mtu, nyingi kuliko inayofaa kwa uzito wake, akafa, na watabibu wawili wakatiwa hatiani Desemba 2023. Yaani walifika wakakuta polisi wameshaamua huyu ni mkorofi, nao wakabeba hivyohivyo bila kumchunguza mgonjwa wao.

Na Graham mwenyewe? Mahakama ya Juu iliirudisha kesi yake isikilizwe upya kwa kipimo kile kipya, kipimo kilichozaliwa na mwili wake, na juri, yaani raia wanaoamua kesi, likampa ushindi askari.