Konea inayopungua unene: ikazwe sasa au tungoje?

Kijana wa Wete, Pemba, akibadilishiwa miwani mara mbili kwa mwaka na herufi za ubaoni bado zina vivuli, kosa huenda si la miwani. Huenda ni keratokonasi: konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inapungua unene na kuchongoka kama pia. Mara nyingi huanza katika ujana, kisha hupunguza kasi mtu akikaribia miaka 40.

Tiba ya kuuzuia ugonjwa huu usizidi ipo. Jicho hutiwa matone ya raiboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa mionzi ya urujuanimno ili nyuzi za konea zishikane na konea ikaze. Katika utaratibu wa awali, uliotoka Dresden, Ujerumani, kumulika peke yake ni dakika 30.

Wanaosema tungoje wana hoja. Utando wa juu wa konea hukwanguliwa, maumivu huchukua siku kadhaa, na maambukizi au kovu vinaweza kutokea. Mtu wa miaka 38 ambaye vipimo vyake havijasogea, umkwangue kwa lipi? Tena uoni uliopotea haurudi kwa uhakika. Miwani au lenzi ngumu kwa kawaida hubaki palepale.

Ila kungoja kuna sharti lake: konea ichorwe ramani tena baada ya miezi michache, ifananishwe na ya kwanza. Kwa mtu wa Pemba anayepimwa Unguja au Dar es Salaam, hiyo ni boti, nauli, pa kulala, na siku za shule. Akichelewa miaka miwili, unene wa konea huenda umeshuka chini ya maikroni 400, yaani milimita 0.4, na utaratibu ule wa kawaida haumfai tena. Ugonjwa ukizidi sana, huenda akahitaji kupandikizwa konea ya marehemu, na huko ndiko kwenye safari zaidi: mwili ukianza kuikataa, anatakiwa aonwe haraka, bahari ichafuke isichafuke.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 15 mwenye ugonjwa uliothibitishwa, mimi nisingemngojesha. Wa miaka 40 ambaye vipimo vyake havijasogea, angoje.

Wote wawili waache kufikicha macho. Muwasho wa aleji utibiwe kwa daktari, kwani matone ya steroidi ya kujinunulia dukani hutuliza upesi, lakini yakizoeleka huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.