Chesty Puller kule Peleliu: ujasiri wake na gharama yake

Lewis "Chesty" Puller, afisa wa Marine, kikosi cha Marekani cha askari wanaopigana kutoka baharini, alitunukiwa Navy Cross, nishani ya juu ya ushujaa, mara tano, na hakuna Marine mwingine aliyemfikia. Askari walimpenda kwa sababu walimwona: kituo chake cha kamandi kilikuwa karibu na mahali risasi zilipokuwa zinalia, wala hakumtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe angeogopa kwenda. Hilo hata wapinzani wake wanakubali. Ugomvi ni juu ya Peleliu.

Marine walitua kwenye kisiwa hicho cha Pasifiki tarehe 15 Septemba 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia. Kamanda wa divisheni, Meja Jenerali William Rupertus, alitabiri mapigano ya siku chache tu. Kumbe Kanali Kunio Nakagawa wa Japani alikuwa amewaficha watu wake katika mapango ya vilima vya Umurbrogol, pango moja likililinda jingine. Rejimenti ya Kwanza, iliyoongozwa na Puller, ikaangukia vilima hivyo. Akashambulia uso kwa uso, siku baada ya siku, mpaka wapishi na makarani wakapewa bunduki. Usiku wa tarehe 19, kombania ya Kapteni Everett Pope ilishika kilele kimoja hadi risasi zikakaribia kuisha, wakapigana kwa mawe na ngumi. Katika rejimenti ya watu wapatao 3,000, waliouawa na kujeruhiwa walikuwa 1,749, wengi wao katika wiki ya kwanza.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Rupertus alikuwa akimhimiza bila kumpa nafasi ya kupumua. Meli zilikuwa zimesitisha mizinga zikidhani shabaha zimekwisha. Puller mwenyewe alichechemea kwa jeraha lililovimba, alilolipata zamani kisiwani Guadalcanal, na mdogo wake, Samuel, alikuwa ameuawa katika kisiwa cha Guam mwezi Julai.

Nayakubali yote hayo, lakini hayanitoshi. Kanali Harold Harris wa Rejimenti ya Tano alipopelekwa kwenye vilima vilevile aliamua kutumia risasi na mabomu kwa wingi ili asitumie maisha ya watu, akakataa kuharakishwa. Ni kweli kwamba zamu yake ilikuja baadaye, adui akiwa amedhoofika na somo la damu likiwa limekwisha kutolewa na watu wa Puller. Hata hivyo, alionyesha kuwa kanali angeweza kumkatalia mkubwa wake. Jenerali Roy Geiger, mkubwa wa Rupertus, alipofika tarehe 21 na kumuuliza Puller anahitaji msaada gani, alijibu kwamba anamudu kwa alichonacho. Mimi naona kosa lake kubwa lipo katika jibu hilo, kuliko hata katika mashambulizi yenyewe. Geiger ndiye aliyeamuru rejimenti hiyo iondolewe na nafasi yake ichukuliwe na askari wa Divisheni ya 81 ya Jeshi la Nchi Kavu.

Desemba 1950, Korea, Puller alikuwa Koto-ri, kwenye baridi kali, akiishikilia njia ya kutokea bwawa la Chosin, ambako Wachina walikuwa wamewazingira Wamarekani, mpaka misafara ikapita na majeruhi wake. Ukaidi wake ulikuwa uleule, na mara hii uliokoa watu. Navy Cross ya tano aliipata hapo. Tofauti ilikuwa kwa mkubwa wake: kamanda wa divisheni, Jenerali Oliver Smith, aliyekuwa amepunguza mwendo wa divisheni licha ya shinikizo la wakubwa, akarundika akiba ya vifaa na kuanza kujenga kiwanja cha ndege Hagaru-ri, karibu na bwawa hilo, kabla Wachina hawajashambulia.