Stringi ikishaundwa, iachwe

Msimamo wangu ni huu: stringi, yaani mfuatano wa herufi ndani ya programu, ikishaundwa, isiguswe. Ukitaka nyingine, unda nyingine. Lugha za programu za Java, Python na JavaScript ndivyo zilivyo, na naona zimepatia.

Chukua kazi ambayo waandishi wengi wa programu hapa Nairobi wameifanya: namba ya simu. Mteja anaandika 0712 na kuendelea, mfumo wa malipo unataka 254712. Lugha ya Ruby inakuruhusu kuondoa sifuri na kutanguliza 254 kwenye stringi ileile. Kumbe sehemu ya risiti nayo imeishika stringi hiyohiyo, na ghafla inachapisha namba ambayo mteja hakuiandika. Utapekua msimbo wa risiti mpaka macho yaume, na haukukosea popote. Ruby wenyewe wameliona hili: toleo la 2.3, mwaka 2015, liliruhusu faili itangaze kwamba stringi zilizoandikwa ndani yake zigandishwe, yaani zisibadilike.

Halafu kuna majina yetu. Katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, herufi u huchukua baiti 1, lakini ũ ya Kikuyu huchukua baiti 2. Kurekebisha Muthoni kuwa Mũthoni ni kutoka baiti 7 hadi 8. Katika lugha ya C, kama ulitenga nafasi ya jina la kwanza na alama yake ya mwisho tu, baiti inayozidi inaangukia data ya jirani. Kwa hiyo anayesema “nabadilisha herufi moja tu” amesahau kwamba herufi hazilingani ukubwa, na anayeumia ni mtu anayetaka jina lake liandikwe inavyopasa.

Najua hoja ya kasi, na ina uzito. Ukiunganisha maelfu ya mistari kwa alama ya kujumlisha ndani ya mzunguko wa Java, kila hatua inanakili upya yote yaliyotangulia. Ndiyo maana tuna StringBuilder, chombo cha kujengea stringi kipande kwa kipande, tangu Java 5 ya mwaka 2004, na Python ina join, inayounganisha vipande vyote kwa mara moja. Hapo badilisha utakavyo, ukimaliza toa stringi isiyobadilika.

Nywila ndizo ninazozitenga na kanuni hii. Stringi ya Java huwezi kuifuta. Inabaki kwenye kumbukumbu hadi mfumo utakapoisafisha kwa wakati wake. Nywila iwekwe kwenye safu ya herufi, ambayo inabadilika, na ikishatumika, kila herufi iandikwe sifuri juu yake.