Nani Anapanga Mshahara wa Mchambuzi wa Uendeshaji?

Kila benki kubwa ya Dar es Salaam na Nairobi, kila kampuni ya simu na kila kampuni ya kusafirisha mizigo ina mtu anayetafutwa mambo yanapokwama. Miamala ya usiku imegoma: imegomea wapi? Wakala wa mtaa mmoja anaishiwa floti kila Ijumaa, huku wa mtaa wa pili amekalia floti asiyoihitaji: nani aongezewe, nani apunguziwe? Kontena limelala bandarini siku nne wakati nyaraka zote zimekamilika: limekwama mezani kwa nani? Mchambuzi wa uendeshaji ndiye anayechimba takwimu hadi apate jibu, kisha anapendekeza la kufanya. Akiifanya kazi yake vizuri, wateja hawaoni chochote, na wakubwa wake mara nyingi hawaoni pia. Hapo ndipo tatizo la mshahara wake linapoanzia.

Kuhusu kinachoamua kipato chake, kuna hoja mbili zinazopambana. Ya kwanza utaisikia kwa maofisa rasilimali watu na kwa wanaouza kozi: mshahara hufuata ujuzi. Jifunze zana za kuchambua data kama SQL, Python na Power BI, pata cheti, na malipo yatapanda. Ya pili utaisikia kwa wachambuzi wenyewe wakiwa peke yao: mshahara hufuata mahali ulipo. Yaani uko sekta gani, kampuni ni ya nani, inalipa kwa fedha gani, na ulikuwa unalipwa ngapi kabla hujafika hapo. Naona hoja ya pili ina uzito zaidi, ingawa ya kwanza si uongo.

Nianze na hiyo ya kwanza, niipe haki yake. Mchambuzi anayesubiri idara ya TEHAMA imtolee data hawezi kulingana na yule anayeingia mwenyewe kwenye hifadhidata na kuja kikaoni asubuhi akiwa na jibu. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ilizaa kitu ambacho biashara nyingi za hapa hazikuwahi kuwa nacho: kumbukumbu ya kila muamala, kwa dakika na kwa wakala. Anayejua kuzisoma kumbukumbu hizo huonyesha fedha zinalala wapi na zinahitajika wapi. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kulipwa zaidi ya anayenakili namba kutoka jedwali moja kwenda jingine, na kampuni zinazojielewa humlipa zaidi.

Watetezi wa hoja hii hupenda kutolea mfano Marekani. Kwa takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo, Mei 2024 mshahara wa kati wa wachambuzi wa utafiti wa uendeshaji ulikuwa dola 91,290 kwa mwaka, maana yake nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Ofisi hiyohiyo inatarajia ajira zao zikue haraka kuliko wastani wa kazi zote hadi 2034. Takwimu hizo sizipingi, ila zinatumiwa vibaya. Wanaohesabiwa humo ni watu wa hisabati nzito, warithi wa taaluma iliyopata nguvu katika Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilipowaita wanasayansi kama Patrick Blackett wapime kwa hesabu mambo ya kivita kama ukubwa wa misafara ya meli. Baadhi ya waajiri huwadai shahada ya uzamili. Hapa kwetu cheo cha mchambuzi wa uendeshaji hupewa anayeandaa ripoti ya Excel ya kila siku, na hicho hicho hupewa anayepanga upya usambazaji wa nchi nzima. Kwa hiyo anayeweka mshahara wa Westlands, Nairobi, au wa Posta, Dar es Salaam, kando ya hizo dola 91,290 analinganisha kazi mbili tofauti. Tena hata huko, miongoni mwa waajiri wanaowalipa vizuri zaidi ni serikali ya shirikisho, ambako wengi wao wako Wizara ya Ulinzi. Mahali unapofanyia kazi hupanga bei hata kwa wenye hesabu kali.

Hebu tuingie kwenye hoja ya pili kwa kuchukua watu wawili wenye ujuzi uleule. Mmoja yuko bandari ya Dar es Salaam, mwingine kiwanda cha vinywaji. Bandarini muda una bei iliyoandikwa. Kontena likipitisha siku za bure, mwenye mzigo hutozwa kwa kila siku inayoongezeka, na meli inayosubiri nje ya gati inakula dola kila saa. Tangu DP World, kampuni ya Dubai ya kuendesha bandari, ilipochukua gati namba 0 hadi 7 na kuanza kazi mwaka 2024, chini ya mikataba iliyosainiwa Oktoba 2023, suala la meli kukaa siku ngapi bandarini limetoka ofisini na kuwa hoja ya kitaifa. Mchambuzi anayepunguza nusu siku katika mazingira hayo anaweza kuzidisha saa kwa gharama na kuweka jumla mezani. Mwenzake wa kiwandani huenda amefanya kazi ngumu zaidi, labda amepunguza muda wa mashine kusimama kati ya zamu na zamu, lakini faida yake imemezwa ndani ya hesabu za mwaka na hakuna aliyeitenga. Sisemi kila aliyeajiriwa bandarini anakula vizuri. Nasema fedha inayookolewa ikionekana kwa macho, mazungumzo ya mshahara huwa mepesi, na kuonekana kwake hakutokani na kipaji cha mchambuzi.

Waajiri wana jibu, nalo linastahili kusikilizwa. Wanasema mchambuzi hupendekeza tu. Anayetekeleza ni msimamizi wa ghala, dereva, fundi wa mfumo, karani wa dirishani. Ukiipa kalamu yake sifa ya akiba yote, umewadhulumu waliotoka jasho. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana siungi mkono wazo la kumlipa mchambuzi asilimia ya kila shilingi aliyookoa. Lakini mbona hoja hiyo haitumiki kwa idara ya mauzo? Ofisa mauzo hupewa kamisheni ingawa bidhaa ilitengenezwa, ikapakiwa na kufikishwa na wengine. Tofauti ni kwamba mauzo yana daftari lake na akiba haina. Kampuni inayotaka kuwa ya haki ingeanza kwa kufungua daftari la akiba, ikaandika pendekezo, tarehe, gharama ya kabla na ya baada, halafu bonasi ikagawiwa timu nzima iliyohusika.

Kuna jambo jingine linalopanga mshahara kimyakimya, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ni lile sharti la kutaja mshahara wako wa sasa na kuambatisha hati za mshahara za miezi mitatu. Mwajiri mpya haulizi kazi hii ina thamani gani. Anauliza mwajiri mwenzake alikuwa analipa ngapi, kisha anaongeza kidogo. Kijana aliyeanzia kampuni ndogo ya Mwanza au Kisumu kwa sababu hapo ndipo alipopata mlango hubeba unyonge wa mshahara huo kila anapohamia. Mwanamke aliyekubali kidogo baada ya likizo ya uzazi huubeba vilevile. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, katika kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Mshahara unaopangwa kwa kuongezea juu ya ule wa zamani unaipita sheria hiyo pembeni bila mtu kukusudia ubaya.

Najua mwajiri anayefanya hivyo ana sababu zake. Hataki kuwapitisha watu kwenye usaili wa hatua tatu, kisha wa mwisho ataje kiasi kisichowezekana. Anataka pia uthibitisho kwamba mwombaji hadanganyi. Lakini haja hizo zote mbili zinatimizwa kwa njia rahisi zaidi: atangaze kiwango chake kabla. Jimbo la Massachusetts, tangu Julai 2018, linawakataza waajiri kumuuliza mwombaji historia ya mshahara wake kabla ya kumpa ofa. New York City imelazimisha kiwango cha mshahara kiandikwe kwenye tangazo tangu Novemba 2022. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 agizo linaloelekea hukohuko, na nchi wanachama zikapewa hadi Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao.

Wanaopinga uwazi huo hawakosi hoja. Mshindani akijua unalipa ngapi, atakuja kuwanyakua watu wako kwa kuongeza kidogo. Waliomo ofisini wakiona mgeni anaingia kwa kiasi kinachozidi chao, amani inatoweka. Na sheria ikilazimisha bila usimamizi, kampuni huandika viwango vipana kiasi kwamba havimwambii mtu chochote, jambo lililoonekana New York miezi ya mwanzo. Hiyo hoja ya amani ya ofisi ndiyo inayonipa shida zaidi, kwa sababu nimeona jinsi uvumi wa mishahara unavyoweza kuvunja timu nzuri. Ila uvumi huota pale ambapo habari za kweli hazipo. Waangalie waajiri wa umma. Matangazo ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya huandika mshahara wa msingi na posho za nyumba na usafiri. Ya Tanzania hutaja ngazi ya mshahara, kama TGS, na watumishi wanajua ngazi hiyo ina maana gani. Serikali ina matatizo yake mengi ya malipo, lakini mwombaji haingii gizani. Sioni kwa nini benki binafsi ishindwe.

Hata kiasi kikishajulikana, kinachotajwa sicho kinachoingia mkononi, na hapa wengi wanaoanza kazi hushtuka. Chukua mfano wa mchambuzi wa Dar es Salaam aliyepewa mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 150,000. Inabaki 1,350,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 233,000: shilingi 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya kinachozidi. Kama alisomeshwa kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000. Anabaki na 892,000. Mwenzake wa meza ya pili aliyesomeshwa na wazazi anaondoka na 1,117,000 kwa kazi ileile. Nairobi, mwenye mshahara ghafi wa shilingi 120,000, kwa viwango vya 2025, alikatwa 4,320 za NSSF, 3,300 za bima ya afya ya SHIF, 1,800 za tozo ya nyumba na takriban 25,557 za kodi, akabaki na kama 85,000. Kwa hiyo kijana anayesema ofa mpya imemwongezea laki mbili aangalie vizuri: anayekatwa asilimia 30 ya kodi, 10 ya NSSF na 15 ya mkopo anaona chini ya nusu ya nyongeza hiyo.

Fedha ya malipo nayo ina maneno yake. Kwa miaka mingi ndoto ya mchambuzi mwenye uzoefu wa ugavi ilikuwa mradi wa wafadhili, hasa miradi ya kusambaza dawa na vifaa vya afya, baadhi ikipanga mishahara kwa dola. Dola ina raha yake na msukosuko wake. Januari 2024 ilifika takriban shilingi 160 za Kenya. Baadaye mwaka huohuo ilikuwa inazunguka 130, na aliyepokea dola 1,000 akawa amepoteza karibu shilingi 30,000 kwa mwezi bila mkataba wake kuguswa. Pigo kubwa zaidi likaja 2025. Marekani ilisimamisha misaada ya nje Januari, na kufikia Julai mosi USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa rasmi. Watu hodari wa takwimu za ugavi walijikuta nje, wakirudi kuomba kazi kwenye kampuni za ndani zilizowaambia watupe nusu ya walichozoea. Ujuzi wao haukupungua hata chembe. Mfuko uliokuwa ukiwalipa ndio uliofungwa, na hilo linatosha kunishawishi kwamba wauza kozi wanatuambia nusu tu ya habari.

Je, mtu aache kujifunza? Hapana. Ujuzi ndio unaokuingiza kwenye sekta inayolipa, na bila huo hata bandarini utabaki wa ripoti za Excel. Ninachopinga ni kumwambia mchambuzi mwenye miaka sita kazini kwamba mshahara wake uko chini kwa sababu hana cheti cha nne, wakati ukweli ni kwamba aliingia na hati ndogo ya mshahara na hakuna aliyeandika popote alichoiokolea kampuni. Huyo anahitaji zaidi kuweka kumbukumbu zake mwenyewe kwa shilingi na kwa tarehe, bila kutoa siri za wateja nje ya ofisi. Anahitaji pia ujasiri wa kumuuliza mwajiri mpya kiwango cha nafasi hiyo kabla hajataja chake. Wapo watakaokataa kumjibu. Lakini maofisa rasilimali watu wanaoulizwa swali hilo na waombaji kumi mfululizo watalipeleka kwa wakurugenzi, kwa sababu wao ndio wanaochoka kupoteza watu hatua ya mwisho. Na vyama vya wafanyakazi wa benki na mawasiliano, ambavyo kwa kawaida hujadiliana na waajiri kuhusu mishahara ya makarani, vingefanya vizuri kuwaingiza wachambuzi hawa kwenye meza hiyo badala ya kuwahesabu kuwa ni watu wa menejimenti.