Diski Mpya, Nafasi Ile Ile

Ni nani aliyeamua kwamba mtu akitaka kuongeza nafasi katika seva yake ya nyumbani sharti kwanza ateseke? Yangu ina diski nne za terabaiti 4 zilizounganishwa kwa RAID 5, yaani mpango wa kuzifanya diski kadhaa ziwe kama moja, ambamo diski moja ikifa data haipotei, ila zikifa mbili imekwisha, na humo ndimo zilimo picha zote za watoto na za marehemu bibi. Nimenunua diski ya terabaiti 8, nimeichomeka mahali pa moja ya zile nne, nimekesha nikiitazama taa ya kijani ikimetameta huku mfumo ukijijenga upya, na asubuhi nafasi ni ile ile! Mfumo huu huzipima diski zote kwa ile iliyo ndogo kuliko zote, kwa hiyo hupati kitu mpaka ubadilishe zote nne, moja baada ya nyingine, na kila moja na usiku wake wa roho mkononi, maana diski nyingine ikifa katikati ya kazi, kwaheri picha za bibi. Je, umeme nao ukikatika saa nane za usiku, zikiwa zimebaki asilimia tisa tu? Tena hiyo terabaiti 8 yenyewe kompyuta inaisoma takriban 7.3, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta kwa 1,024. Wenzangu wenye seva, ninyi mnalala saa ngapi?