Mwanafunzi Apewe Wimbo Wenye Kisa

Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Msamiati alionao ni mdogo, na njia iliyozoeleka ya kuuongeza ni orodha ya maneno ubaoni, ambayo huinakili daftarini, huikariri kwa ajili ya jaribio, na baada ya jaribio huisahau. Mtoto huyohuyo, ukimsikiliza wakati wa mapumziko, anaimba wimbo mzima wa Kiingereza tangu ubeti wa kwanza hadi kiitikio cha mwisho. Ukimwuliza wimbo unasema nini, mara nyingi hajui.

Naunga mkono kwa moyo wote walimu wanaotaka nyimbo ziingie darasani, lakini naona tunapozisifia huwa tunachanganya mambo mawili, yaani kushika sauti ya neno na kuelewa maana yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu wazima 60 walifundishwa kwa dakika 15 vifungu vifupi vya Kihangari, lugha wasiyoijua. Wengine walivirudia kwa kusema tu, wengine kwa kusema kwa mdundo, na wengine kwa kuimba. Walioimba ndio waliofanya vizuri zaidi walipotakiwa kuvitamka tena vifungu hivyo. Matokeo hayo yananipa nguvu, ila yanahusu kukumbuka vifungu vifupi, na kati ya kukumbuka kifungu na kukitumia kwenye insha kuna kazi ambayo wimbo peke yake hauifanyi.

Kazi hiyo huanzia kwenye uchaguzi. Nyimbo nyingi zinazopigwa sana redioni huzungukia maneno yaleyale machache ya mapenzi, na mwanafunzi anaweza kuimba kumi bila kuongeza msamiati wa maana. Wimbo wa kufundishia uwe wa polepole, matamshi yake yasikike, na zaidi ya yote uwe na kisa. Ndiyo maana napendekeza muziki wa kantri wa Marekani, ambao wazee wetu wengi Tanzania na Kenya waliupenda na wangali wakiupenda. Dolly Parton, aliyekulia kwenye milima ya Tennessee katika familia ya watoto 12, alitoa mwaka 1971 wimbo uitwao “Coat of Many Colors”. Mama anamshonea mtoto wake koti kwa vipande vya matambara, na huku akishona anamsimulia kisa cha Yusufu. Mtoto anakwenda shuleni akijivunia vazi lake, na wenzake wanamcheka.

Hakuna jambo katika kisa hicho ambalo mtoto wa Singida au Mtwara atahitaji kuchorewa picha. Sindano anaijua, kiraka anakijua, kuchekwa kwa sababu ya nguo anakujua, na Yusufu anafahamika msikitini na kanisani. Kinachokosekana ni majina ya Kiingereza tu, nayo yanakuja yakiwa yameambatana na wenzake: “rags” linakaa karibu na “sew”, na “patches” linakuja na nguo iliyochakaa. Orodha ya ubaoni haiwezi kuonyesha ujirani huo.

Umaarufu wa wimbo, hata hivyo, si kipimo. “The Gambler” wa Kenny Rogers wa mwaka 1978 unajulikana sana, nao una kisa kizuri, lakini kiitikio chake kimejengwa kwa lugha ya wacheza karata. Humo “fold” ni kuziweka chini karata zako na kujitoa mchezoni, na mwanafunzi ambaye bado hajalijua neno hilo kwa maana yake ya kawaida ya kukunja atapotea njia. Wimbo huo uwasubiri kidato cha tatu.

Darasani, mara ya kwanza wasikilize bila karatasi, na mwalimu aulize tu ni nani anayesimulia, yuko wapi, na limempata jambo gani. Mara ya pili wapewe mashairi yaliyoachwa mapengo, baada ya mwalimu kuyahakiki kwa sikio lake mwenyewe, maana yanayopatikana kwenye intaneti mara nyingi yana makosa. Kisha muziki uzimwe kabisa. Hapa ndipo wengi huishia njiani, kwa sababu kuimba kunafurahisha na kengele imekaribia, lakini neno lililofungwa ndani ya tuni haliji pale mtu anapolihitaji. Kila mwanafunzi asimulie kisa kwa Kiingereza chake bila kuimba, kisha aandike sentensi zake kuhusu nguo, mama au shule yake kwa kutumia maneno yaleyale. Akikwama, aruhusiwe kuuimba ule mstari kimoyomoyo, alichukue neno na kuendelea.

Msamiati wa baiolojia na fizikia hautapatikana humo, na vitabu vya masomo hayo vitabaki na kazi yake. Ninachowaomba wakuu wa shule ni kipindi kimoja cha dakika 40 kila juma, simu moja yenye spika ndogo na karatasi za kutosha, kuanzia muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza, wakati watoto bado hawajazoea kunyamaza darasani.